Kuhakiki faili la mistari 300,000 bila kuielemea seva

Swali: Ninatunza mfumo wa mtandaoni unaotumiwa na vyama kadhaa vya kuweka na kukopa hapa Tanzania. Kila mwisho wa mwezi wahasibu hupakia faili la CSV (maandishi matupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato) lenye michango ya wanachama: namba ya mwanachama, jina, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), simu, tarehe, namba ya stakabadhi na kiasi. Zamani mafaili yalikuwa na mistari elfu mbili au tatu na hatukuwa na shida. Sasa tumempata mteja anayekusanya michango kwa niaba ya waajiri wengi, na faili lake lina mistari 300,000, kama megabaiti 38 hivi. Ukurasa huzunguka dakika moja kisha hutoa kosa la 504, yaani seva imechelewa kujibu. Mhasibu hubonyeza tena, na kesho yake tunakuta michango imeingia mara mbili. Ninatumia Django (mfumo wa Python wa kujenga tovuti), hifadhidata ya PostgreSQL, Gunicorn inayoiendesha programu na Nginx inayopokea maombi mbele yake, na kikomo cha muda cha Gunicorn nimeshakipandisha hadi sekunde 900. Je, niongeze na muda wa Nginx, ninunue seva kubwa zaidi, au niiandike upya sehemu hii kwa lugha yenye kasi kuliko Python?

Jibu: Ndugu msomaji, katika hayo matatu hakuna hata moja ambalo ningeanza nalo. Katika msimbo ulioniambatanishia naona kwamba kwa kila mstari unaiuliza hifadhidata mara mbili, kwanza kama mwanachama yupo, halafu kama stakabadhi ile imeshatumika. Chukua kwamba kila swali linakwenda na kurudi kwa milisekunde 1 tu, jambo linalowezekana endapo hifadhidata iko jirani kabisa na programu yako. Maswali 600,000 yatakula sekunde 600, yaani dakika 10, na hapo hujasoma tarehe hata moja wala kujumlisha shilingi hata moja. Seva kubwa zaidi haitapunguza idadi ya safari hizo, na programu iliyoandikwa kwa lugha nyingine itakaa ikisubiri jibu kama Python inavyosubiri. Kinachohitaji kubadilika ni mahali ambapo kila ukaguzi unafanyika, na mpangilio wake.

Kabla ya hapo nieleze hiyo michango kuingia mara mbili, kwa sababu ndiyo hatari kubwa kuliko ucheleweshaji. Nginx kwa kawaida husubiri jibu la programu kwa sekunde 60, kisha humrudishia mtumiaji 504. Lakini kukata tamaa kwa Nginx si kusimama kwa kazi: nyuma yake Django haina habari na inaendelea kuingiza mistari kama kwamba hakuna kilichotokea. Mhasibu, ambaye ameona kosa kwa macho yake, anabonyeza tena, na sasa kazi mbili zinashindana juu ya faili lilelile. Ulipopandisha kikomo cha Gunicorn uliirefushia maisha ile kazi ya kwanza isiyoonekana. Ukiongeza na muda wa Nginx, utakuwa umemwongezea mhasibu muda wa kukodolea macho ukurasa unaozunguka, na akiufunga au mtandao ukikatika utarudi palepale.

Kwa hiyo tenganisha kupokea na kuhakiki. Ombi la kupakia lifanye mambo machache tu: lipokee faili, lilihifadhi mahali salama, lipige hesabu ya alama yake ya SHA-256 (namba ndefu inayotokana na maudhui ya faili), liandike mstari mmoja kwenye jedwali la kazi, kisha lijibu mara moja kwa 202, ambayo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa na kazi bado haijamalizika. Mchakato mwingine, usiohusika kabisa na kivinjari, utaichukua kazi hiyo na kuishughulikia kwa nafasi yake. Wengi hapa hukimbilia Celery na Redis, vyombo vya kuendesha foleni ya kazi, na si vibaya, lakini kwa mfumo wa ukubwa wako mimi ningeweka foleni ndani ya PostgreSQL yenyewe, kwa jedwali la kawaida linalosomwa kwa FOR UPDATE SKIP LOCKED, amri inayoruka kazi iliyokwisha kushikwa, ili wafanyakazi wawili (yaani michakato ya nyuma) wasichukue kazi moja. Utapungukiwa na chombo kimoja cha kutunza, na utaepuka kosa ambalo huwasumbua sana wanaoanza na Celery: kazi kutumwa kwenye foleni kabla muamala wa hifadhidata haujakamilika, mfanyakazi akaikimbilia, akakuta rekodi ya faili haipo. Ukiamua kubaki na Celery, tuma kazi kupitia transaction.on_commit ya Django, ambayo hungoja muamala ukamilike.

Ile alama ya SHA-256 ndiyo kinga yako ya kwanza dhidi ya kubonyeza mara mbili. Faili lenye alama iliyokwisha kupokelewa kutoka kwa mteja yuleyule halihitaji kazi mpya. Mwonyeshe mhasibu kazi ile ya mwanzo imefikia wapi. Usitegemee hiyo peke yake, maana mtu akifungua faili na kulihifadhi upya alama inaweza kubadilika. Namba ya stakabadhi pamoja na kitambulisho cha mteja viwekewe sharti la upekee katika jedwali la michango, ili hifadhidata yenyewe ikatae kurudiwa hata msimbo wako ukikosea.

Sasa uhakiki wenyewe. Panga ukaguzi kwa gharama yake, wa bei rahisi utangulie, na faili lisilostahili likataliwe mapema kabla halijakugharimu. Ukaguzi wa rahisi kuliko wote hufanyika kwenye kompyuta ya mhasibu, hata kabla ya kupakia: kivinjari kinaweza kukata kilobaiti 64 za mwanzo za faili, kusoma mstari wa vichwa na kumwambia papo hapo kwamba safu ya stakabadhi haipo. Hilo linamwokoa dakika kadhaa za kupakia bure, jambo lenye uzito kwa mtu anayetumia kifurushi cha simu. Seva, hata hivyo, irudie ukaguzi huo wote bila kuamini lolote lililotoka kwenye kivinjari, kwa kuwa ombi linaweza kutumwa na chombo chochote.

Katika hatua hiyo ya mwanzo kuna mitego mitatu ambayo najua utakutana nayo, kama bado hujakutana nayo. Wa kwanza ni baiti tatu ambazo Excel huziweka mwanzoni mwa faili inapohifadhi CSV ya UTF-8, mfumo wa herufi unaotumika zaidi leo. Hazionekani kwa macho, lakini hujibandika kwenye jina la safu ya kwanza, na mfumo wako utasema safu ya namba ya mwanachama haipo wakati mhasibu anaiona wazi kwenye skrini. Katika Python fungua faili kwa utf-8-sig na tatizo litaondoka. Wa pili ni kitenganishi, kwa maana Excel hufuata mipangilio ya lugha ya kompyuta, na kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa itaweka nukta mkato mahali pa mkato. Wa tatu ni majina. Mafaili yaliyohifadhiwa kwa mfumo wa zamani wa herufi wa Windows hupita salama kwenye mistari elfu nyingi za akina Juma na Neema, mpaka yafike kwenye jina la Kisukuma linaloanza na Ng’w, ambalo mtu ameliandika kwa ile alama iliyopinda. Alama hiyo imehifadhiwa kama baiti 0x92, ambayo peke yake haina maana katika UTF-8, na programu inaanguka mstari wa 184,000. Jaribu kulisoma faili lote kwa UTF-8 kwanza, bila kufanya kitu kingine. Likishindwa, lisome kwa Windows-1252, yaani huo mfumo wa zamani, na uandike onyo.

Kisha lisome faili mstari kwa mstari. Usiliite lote kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja, wala usiligeuze kuwa orodha ya vitu vya Python, maana megabaiti 38 za maandishi zikigeuzwa kuwa kamusi 300,000 hujaa kumbukumbu mara kadhaa ya ukubwa huo. Django yenyewe hukusaidia hapa: faili linalozidi megabaiti 2.5 huandikwa kwenye diski badala ya kubaki kwenye kumbukumbu, basi usiiharibu kazi hiyo kwa kuita read() bila kikomo. Kwa kila mstari fanya ukaguzi usiohitaji kumwuliza mtu yeyote: idadi ya safu, sehemu zilizoachwa wazi, urefu, tarakimu, tarehe, kiasi. Kazi hii kwa mistari 300,000 ni ya sekunde chache, hata kwa Python unayoilaumu.

Naomba nikawie kidogo kwenye namba ya NIDA, kwa sababu ndipo data nyingi za kwetu zinapoharibika kimyakimya. Namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, yaani mwaka, mwezi na siku. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Mhasibu akifungua CSV kwa kubofya mara mbili, Excel huichukua namba ya NIDA kama hesabu, huzigeuza tarakimu 5 za mwisho kuwa sifuri, na huionyesha kama 1.98703E+19; akihifadhi, hicho kinachoonekana ndicho kinachoandikwa kwenye faili. Akiwa mwangalifu zaidi, akaipanua safu na kuipa umbo la namba, ataona tarakimu 20 zilizopangika vizuri, na hatajua kwamba tano za mwisho si za mtu yeyote. Ukaguzi wa urefu peke yake utazipitisha hizi za pili. Kwa hiyo angalia mambo matatu: kwamba hakuna herufi E wala nukta, kwamba tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe halali, na kwamba namba haiishii na sifuri tano. Hilo la tatu kwa mstari mmoja liwe onyo tu. Likijitokeza kwenye sehemu kubwa ya faili, lisimamishe faili zima, na ujumbe umwambie mhasibu kwamba faili limepitia Excel na namba zimekatwa, achukue lile la asili kutoka kwenye mfumo wa mishahara. Usijaribu kuzirejesha, kwa kuwa taarifa iliyopotea haipo tena ndani ya faili.

Simu huumia kwa namna hiyohiyo, ila kwa nafuu. Sifuri ya mwanzo ikidondoka, 0712345678 hubaki tarakimu 9, nawe unaweza kuikubali na kuiongezea 255 mbele, lakini 2.55712E+11 imekwisha kufa. Kiasi nacho huandikwa kwa mapenzi ya mwandishi, na utakuta 1,500,000/= ambayo bila alama za kunukuu itapasuka kuwa safu tatu, ndiyo maana ukaguzi wa idadi ya safu uje kabla ya ule wa maudhui. Tarehe 03/04/2024 inasomeka kwa njia mbili, na mstari mmoja hauwezi kukuambia ipi ni sahihi, ila faili zima linaweza. Michango ni ya mwezi mmoja, hivyo ukisoma siku mahali pa mwezi utaona tarehe za faili zimetawanyika mwaka mzima, na hapo unajua umekosea. Ukikuta namba kama 45292 kwenye safu ya tarehe, hiyo ni hesabu ya siku ya Excel, na hiyo mahususi ni tarehe 1 Januari 2024.

Mistari inayopita hapo isiende moja kwa moja kwenye jedwali la michango. Iandike kwenye jedwali la muda ambalo safu zake zote ni maandishi matupu, pamoja na namba ya mstari katika faili na namba ya upakiaji, ukitumia COPY, amri ya PostgreSQL ya kuingiza data kwa wingi, ambayo maktaba ya psycopg 3 hukuwezesha kuilisha mstari baada ya mwingine. Usiielekeze COPY kwenye faili la mtumiaji moja kwa moja, kwani mkato mmoja uliozidi kwenye mstari mmoja huangusha mzigo wote. Toleo la 17 limeleta uwezo wa kuruka mistari ambayo thamani zake hazigeuziki kuwa aina ya safu, lakini mistari yenye safu pungufu au za ziada bado huisimamisha, na isitoshe wewe hutaki kuruka, unataka kumweleza mhasibu. Jedwali hilo liwe la UNLOGGED, yaani lisiloandikwa kwenye kumbukumbu ya kujikinga na ajali, maana seva ikizimika ghafla faili la asili bado unalo.

Baada ya hapo ndipo unapouliza yale maswali yako mawili, lakini kila moja mara moja tu kwa faili zima:

SELECT m.mstari_na, m.namba_mwanachama
FROM michango_ya_muda m
LEFT JOIN wanachama w ON w.namba = m.namba_mwanachama
WHERE m.upakiaji_id = 57 AND w.namba IS NULL;

Swali hili linarudisha kila mstari ambao mwanachama wake hayupo. La stakabadhi zilizokwisha kutumika linafanana nalo, ukiunganisha na jedwali la michango, na stakabadhi zilizojirudia ndani ya faili lenyewe utazipata kwa GROUP BY, yaani kwa kuzikusanya kwa namba na kuzihesabu. Maswali 600,000 yamegeuka matatu. Nimeona kazi ya dakika kumi na ushee ikishuka chini ya dakika moja kwa badiliko hili pekee, kwenye seva ileile. Kuna jambo dogo ambalo likisahauliwa hukupotezea siku nzima: endesha ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu za jedwali, kwenye jedwali la muda mara baada ya kulijaza. Bila hiyo PostgreSQL inaweza kudhani jedwali ni dogo, ikachagua njia ya kulitafutia kila mstari mmoja mmoja, na ukaona ahadi yangu ya kasi ni maneno matupu.

Kuhusu taarifa za makosa, nitakiri la kwangu. Mfumo wa kwanza wa namna hii nilioujenga ulimrudishia mhasibu kosa moja tu, la kwanza, kisha ukasimama. Alirekebisha, akapakia, akapata la pili. Alifanya hivyo asubuhi nzima kwa faili lenye makosa 40, na aliponipigia simu alikuwa na adabu kuliko nilivyostahili. Kusanya makosa yote, lakini yapange kwa aina: mtu hawezi kusoma mistari 70,000 inayosema tarehe si sahihi, anachohitaji ni sentensi moja yenye idadi na mifano mitano. Makosa yakizidi, tuseme, robo ya mistari 10,000 ya kwanza, simama hapohapo, kwa sababu karibu kila mara ni safu zilizobadilishana nafasi. Namba ya mstari unayomtajia iwe ile anayoiona kwenye Excel, vichwa vikiwa mstari wa 1. Jihadhari kwamba seli yenye mistari miwili ndani yake huvuruga hesabu ukihesabu mistari ya faili badala ya rekodi.

Pamoja na muhtasari huo mpe faili la kupakua lenye mistari mibovu tu na safu ya nyongeza yenye sababu. Hapo kuna hatari ya usalama: seli inayoanza na alama ya =, +, - au @ Excel huweza kuichukua kama fomula na kuitekeleza, nawe utakuwa umemrudishia mhasibu kile ambacho mtu mwenye nia mbaya alikiweka kwenye safu ya jina. Tanguliza alama ya ritifaa kwenye seli za namna hiyo. Simu zinazoanza na +255 zitaingia kwenye wavu huo, na hazina neno.

Utauliza kama mistari mizuri iingie wakati mibovu inarudishwa. Kwa orodha ya wanachama wapya ningekubali. Kwa fedha sikubali. Jumla ya faili inatakiwa ilingane na hundi au muamala wa benki, na ukiingiza sehemu, hakuna atakayeweza kulinganisha tena bila kalamu na karatasi. Faili zima liingie kwa muamala mmoja wa INSERT kutoka jedwali la muda, baada ya mhasibu kuonyeshwa idadi ya mistari na jumla ya shilingi na kubonyeza kuthibitisha, au lisiingie kabisa. Kati ya uhakiki na uthibitisho mwanachama anaweza kuondolewa, kwa hiyo funguo za nje za jedwali la michango, zinazodai kila mchango uwe na mwanachama aliyepo, zibaki palepale ziseme neno la mwisho.

Maendeleo ya kazi yaandike kila baada ya mistari 5,000, si kila mstari, na ukurasa uulize kila sekunde mbili au tatu. Kama wateja wako wa mikoani hukatikiwa na mtandao katikati ya kupakia, libane faili kwa gzip ndani ya kivinjari kwanza, uwezo ambao vivinjari vikuu vyote vinao tangu 2023; CSV yenye maneno yanayojirudia hupungua sana. Weka kikomo cha ukubwa baada ya kufungua, wala si kabla tu, maana kifurushi kidogo kinaweza kufumuka kuwa gigabaiti nyingi. Mafaili ya asili yasikae milele: yana NIDA na simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu moja kwa moja. Amua muda wa kuyatunza, uandike, na kazi ya usiku iyafute.

Ukiwa na siku moja tu kabla ya mwisho wa mwezi huu, weka sharti la upekee kwenye stakabadhi, kwa sababu hilo linazuia fedha kuhesabiwa mara mbili hata kama ukurasa bado unazunguka. Ukiwa na siku tatu, ongeza jedwali la muda na yale maswali matatu. Foleni ifuate wiki ijayo. Kabla ya kumkabidhi mteja, jitengenezee faili la majaribio la mistari milioni moja, ambayo ni karibu sana na mwisho wa Excel wa mistari 1,048,576, ulitie kila ubovu niliotaja hapo juu, na uangalie kumbukumbu ya seva wakati linahakikiwa. Kiwango cha kumbukumbu kikipanda sambamba na idadi ya mistari, kuna mahali bado unakusanya orodha. Mara nyingi ni orodha ya makosa yenyewe.